Karatasi Zako Zitengeze Ungali Hai

(Mhadhara uliotolewa Majengo, Mombasa, mbele ya wazazi wa madrasa na majirani)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wenzetu wasio Waislamu nawaona hapo nyuma, karibuni, sogeeni mbele viti viko. Nimeambiwa muda wangu waisha kabla ya Maghrib kwa hivyo sitazunguka. Mimi si wakili, nasema hilo mwanzo ili kesho mtu asije akasema wakili alituambia. Mimi ni paralegali, kazi yangu ni kukaa na watu na mifuko yao ya karatasi, tukaangalia ipi iko na ipi haiko, halafu namwambia huyu nenda kwa Kadhi, huyu nenda kwa chifu, huyu mambo yako mazito tafuta wakili kweli kweli.

Nimekuja na jambo moja tu. Jina lako liwe moja kwenye karatasi zako zote, na kama si moja basi ulitengeze wewe mwenyewe ungali wavuta pumzi. Basi.

Mwacheka, lakini hebu kila mtu atoe kipande chake, kitambulisho cha taifa, akitazame. Haya. Sasa fikiria cheti chako cha kuzaliwa, cha shule, cha ndoa, kadi ya benki, taito ya ardhi kama unayo. Sisi watu wa Pwani majina yetu ni mtihani, mtu azaliwa aitwa kwa jina lake na la babake na la babuye, hospitali waandika Mohamed, mwalimu wa praimari aandika Mohammed, chuoni ni Muhammad, akienda kuchukua kipande karani amuuliza jina la ukoo naye aongeza jina ambalo kwenye cheti cha kuzaliwa halipo kabisa. Karatasi za zamani nazo zina bin na binti, za sasa hazina. Na akina mama, wengine mwajulikana kwa jina la nyumbani, hata shuleni mukaandikishwa nalo, Mwanajuma kwenye cheti, Mwana kwenye kipande. Wewe wajua ni wewe, jirani ajua ni wewe, lakini kompyuta ya ofisi haijui.

Niwape mfano wa jambo la aina hii, hunijia mara nyingi kiasi kwamba si siri ya mtu mmoja. Mama mjane aja na mfuko wa plastiki, amwaga mezani. Kipande cha marehemu: Mohamed Ali Mohamed. Taito ya nyumba, ya miaka ya sabini huko: Muhammad bin Ali, na jina la ukoo juu yake. Kitabu cha benki: M. A. Mohamed. Cheti cha kifo kimefuata kipande. Sasa huyu mama hadhulumu mtu, mume ni wake, nyumba ameishi humo ndani kazaa watoto humo, lakini ofisi ya ardhi yamuuliza, mwenye taito hii ni nani na huyu aliyekufa ni nani? Hapo ndipo aanza kuzunguka, atafute barua ya chifu, atafute wazee wawili waliomjua marehemu tangu ujana waende wakale kiapo, na wazee wenyewe mmoja keshakufa na mwengine yuko Oman kwa mwanawe, na wakati huo yule ndugu wa marehemu ambaye hata mazishini alichelewa keshaanza kusema aa, Muhammad bin Ali si huyu, huyo alikuwa mtu mwengine. Jina limekuwa mlango wa fitina.

Na mwenyewe alipokuwa hai lilikuwa jambo la asubuhi mbili tatu. Angekwenda na kipande chake na taito yake, ale kiapo kuwa mimi ndiye huyu na majina yote haya ni yangu, aweke sahihi na dole gumba, awasilishe ofisi ya ardhi rekodi itengezwe. Maiti hana dole gumba la kuweka.

Sasa kuhusu hicho kiapo, afidaviti, hapa watu huchanganya sana kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Afidaviti haibadilishi rekodi. Afidaviti yaeleza tu, yasema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Ukiwa nayo bado cheti chako kimeandikwa vile vile kilivyoandikwa. Kama kosa ni la ofisi, karani kakosea herufi, wewe waomba masahihisho kwenye ofisi ile ile iliyotoa karatasi. Na kama wataka jina lenyewe libadilike, ulikuwa na jina hili sasa wataka lile, hiyo ni didipoli, hati ya kubadilisha jina, yaandikwa, yasajiliwa kwa msajili wa hati, na tangazo latoka kwenye gazeti rasmi la serikali. Ni njia tatu tofauti, na kuna watu hapa mjini wako tayari kukuuzia ile ya bei ghali wakati wewe wahitaji ile ya rahisi, kwa hivyo uliza kwanza.

Na afidaviti uilie kiapo kweli. Kuna mahali waingia, karatasi yaenda chumba cha ndani, yarudi na mhuri, kamishna wa viapo hata sura hukumuona. Hiyo si afidaviti hiyo, ni karatasi yenye wino. Kamishna atakiwa akuone ukiweka sahihi, na karatasi iseme umeapa wapi na tarehe gani. Siku kesi ikifika kortini wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo.

Tuje kwa watoto maana ndio walioniitisha hapa. Mtoto akizaliwa sheria ya usajili yataka aandikishwe ndani ya miezi 6, ikipita hapo yaitwa usajili wa kuchelewa na maswali yaongezeka. Akizaliwa hospitali wao hujaza fomu na wewe hupewa kile kikaratasi, watu wengi wadhani kile kikaratasi ndicho cheti! Sicho, kile ni taarifa tu, cheti wenda ukakifuata. Akizaliwa nyumbani ni naibu wa chifu. Na jina lisomeni pale pale kabla hamjaondoka, herufi kwa herufi, baba asome na mama asome. Kama mumegeuza jina baada ya kuandikisha, labda bibi kaja siku ya akika kasema mtoto aitwe hivi, sheria yawapa miaka 2 tangu usajili kulibadilisha kwa njia nyepesi. Baada ya hapo ni ile didipoli niliyowaambia.

Na mama unayelea peke yako usiogope ofisi, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu kilichokuwa kikizuia jina la baba kuingia kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kilikuwa kinyume cha katiba. Haki ya mtoto kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa iko kwenye katiba kifungu cha 53, haimuulizi mtoto wazazi wake walifanya nini.

Shuleni mtihani wa kitaifa husajiliwa kwa kufuata cheti cha kuzaliwa. Mwalimu akileta ile orodha mzazi asome usiweke sahihi tu kwa sababu una haraka ya kwenda sokoni, kwa sababu jina likishaingia kwenye cheti cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kulitoa ni kazi. Halafu mtoto afika miaka 18 aenda kuchukua kipande. Na hapa kwetu mwajua wenyewe, watu wa Pwani na Waislamu hasa wamelalamika miaka na mikaka kuhusu kule kuulizwa maswali ya ziada, wewe ni wa wapi, babu yako ni wa wapi, leta kipande cha babako leta cha mamako. Mimi naona ni dhulma na nimesema hivyo hata mbele ya maafisa. Lakini kijana anayekwenda kesho asubuhi hatanufaika na hasira yangu, atanufaika na cheti chake na vipande vya wazazi vinavyosoma jina moja. Yaani hapa ndipo lile jina la babu lililoandikwa ovyo lamgonga mjukuu.

Akikataliwa asiondoke kimya. Katiba kifungu cha 47 na ile sheria ya mwaka 2015 ya haki katika maamuzi ya kiutawala zasema ofisi ikikufanyia uamuzi wa kukudhuru una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwambie afisa kwa adabu, naomba niandikie sababu. Wengi wakisikia hivyo faili lililopotea hupatikana. Wasipoandika kuna Tume ya Haki ya Utawala, malalamiko kama hayo ndiyo kazi yake.

Kifo. Hili twalikimbia lakini acha niseme. Sisi maiti yetu haikai, mtu afa alfajiri adhuhuri yuko makaburini Kikowani, na ndivyo dini ilivyo, hakuna tatizo. Tatizo ni siku ya tatu hitma ikishaisha kila mtu arudi kwake na hakuna aliyefuata cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Aliyefia hospitali, hospitali hutoa taarifa, aliyefia nyumbani ni naibu wa chifu, halafu mtu mmoja katika familia apewe kazi hiyo kwa jina lake, wewe fulani utafuata cheti, na jina la marehemu liandikwe kama lilivyo kwenye kipande chake. Bila cheti cha kifo benki haikusikilizi, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, haikusikilizi, na Kadhi hana pa kuanzia.

Mirathi ya Muislamu yagawanywa kwa sharia na sheria ya Kenya yakubali hilo. Lakini Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha katiba, asikiza mambo ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Kama mrithi mmoja si Muislamu ama hataki, jambo laenda korti nyengine. Na kabla korti haijatoa idhini usiguse mali ya maiti! Kuuza gari lake, kutoa pesa kwa kadi yake, kukusanya kodi ya wapangaji ukatia mfukoni, kifungu cha 45 cha sheria ya urithi chasema ni kosa, faini hadi shilingi 10,000 ama jela hadi mwaka 1 ama vyote viwili, na ulichochukua lazima ukirudishe. Hata kama una nia nzuri.

Sasa kuna ile yetu ya Mombasa, nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwenyewe, walipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hakuna taito hapo kwa hivyo kitu kinachokulinda ni maandishi, yale makubaliano ya kununua na zile risiti za kodi ya ardhi, na risiti ziwe kwa jina lako si la aliyekuuzia miaka kumi nyuma. Nimeona watu walipa miaka na risiti bado zatoka kwa jina la marehemu. Nenda kwa mwenye ardhi ama wakala wake leo, bado mwasalimiana, mwambie badilisha jina.

Kopi za kipande msigawe kama njugu. Ukitoa kopi andika juu yake kwa kalamu ni ya nini na tarehe. Piga *106# uone laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa kipande chako, piga hata sasa hivi, eeh mwaona, huyo mama keshashtuka. Isiyo yako nenda kwa kampuni ya simu waiondoe. Na pesa za serikali kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, zaingia namba ya malipo, paybill 222222, ukiambiwa tuma kwa namba ya mtu ili faili lisukumwe basi wewe ndiye wasukumwa.

Haya maswali.

Dada auliza mumewe alimwacha kwa mdomo, hakuna karatasi, afanyeje. Talaka ya mdomo kishariah yaweza kuwa imepita lakini ofisini wewe bado ni mke wa mtu. Nenda korti ya Kadhi na cheti cha ndoa, eleza, wamwite huyo bwana, talaka isajiliwe. Usingoje mpaka upate mchumba mwengine, na huyo bwana akifa kabla haijasajiliwa mtakuwa na wake wenzio mkigombana nani ni mjane na nani siye. Kama cheti cha ndoa amekificha rekodi iko kwa msajili aliyewaozesha, waweza kuomba nakala.

Mzee hapa auliza mamake azaliwa nyumbani Likoni hana cheti, na kipande chake kina mwaka tu. Mzee wangu, usajili wa kuchelewa upo hata kwa mtu mzima. Kwa kawaida watataka kipande chake, vya wazazi wake ama vyeti vyao vya kifo kama vipo, karatasi yoyote ya zamani, ya shule ama ya kliniki, na barua ya chifu. Anza na chifu wa Likoni si wa hapa. Na jina lifuate kipande, msianze kumtafutia jipya. Ukitaka tuziangalie pamoja kabla hujakwenda niletee kopi, zile zenyewe ziache kabatini na usizitie laminesheni, ofisi nyengine huzikataa.