Kaseti Niliyoigeuza Mapema

NEEMA: Karibuni tena. Leo mwenzangu kaniletea kaseti. Kaseti, jamani!

JUMA: Cheka tu, dada. Hii ni Traveling Wilburys Vol. 1, albamu ya bendi ya Traveling Wilburys, ya Oktoba 1988. Niliirithi kwa kaka yangu nikiwa na miaka 14, jalada lilishapotea. Mwaka mzima niliamini hawa ni ndugu watano wa ukoo wa Wilbury.

NEEMA: Hata jalada lingekuchanganya! Wamejiita Nelson, Otis, Lefty, Charlie T. na Lucky. Kumbe ni George Harrison, Jeff Lynne, Roy Orbison, Tom Petty na Bob Dylan.

JUMA: Mastaa watupu wa muziki wa roki, na walikutana kama watu wanaokwenda kuazimana jembe. Harrison alitaka wimbo mmoja tu wa kujazia upande wa pili wa singo yake. Lynne alikuwa anafanya kazi na Orbison, wakaja wote. Gitaa la Harrison lilikuwa kwa Petty, alipolifuata, Petty naye akaunga msafara. Studio ikawa gereji ya Dylan, kule Malibu, Marekani.

NEEMA: Na jina la wimbo likatoka kwenye boksi lililokuwa humo gerejini: Handle with Care, yaani shika kwa uangalifu.

JUMA: Wimbo ukatoka mzuri kupita kiasi, hauwezi kufichwa upande wa pili wa singo. Ndipo wakaamua kutengeneza albamu nzima.

NEEMA: Sasa umeirudia. Vipi, imezeeka?

JUMA: Wimbo mmoja, Margarita, umezeeka. Tuupite. Ila nina la kuungama. Ujanani nilimwona Orbison mzee wa kulialia. Wimbo wake, Not Alone Any More, ndio unaofunga upande A, basi ukianza tu, paa! Natoa kaseti, nageuza.

NEEMA: Subiri. Ukigeuza kabla upande A haujaisha, upande B hauanzii mwanzo.

JUMA: Ndiyo adhabu yenyewe! Unaangukia mwishoni mwa Congratulations, ya Dylan. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nazitupa nyimbo mbili kwa mkupuo, na Congratulations nilijua ni kipande kifupi tu cha magitaa.

NEEMA: Wewe! Na juzi ulipoiacha ikaenda?

JUMA: Orbison anaanzia chini, kama anajisemea mwenyewe. Halafu anapanda, anapanda, unangoja sauti ikatike. Haikatiki. Nilirudisha mara nne. Kile nilichokiita kulia ndicho wenzake wanne hawakiwezi.

NEEMA: Mimi ninaowapendea ni utundu. Sikiliza wimbo wa Rattled: mpiga ngoma Jim Keltner anapiga rafu za friji kwa vijiti. Friji la jikoni!

JUMA: Na mimi nilidhani ni kaseti yangu inakwaruza.

NEEMA: Lakini video ya wimbo wa mwisho, End of the Line, sasa siiangalii bila kunyamaza. Orbison alifariki tarehe 6 Desemba 1988, kabla ya kurekodi video. Wenzake wamo ndani ya treni wanaimba, zamu yake ikifika, kamera inaonyesha kiti cha kubembea, na gitaa limewekwa juu yake.

JUMA: Kiti chenyewe kinabembea.

NEEMA: Kinabembea, ndiyo. Haya, kaka, weka kaseti. Upande A.

JUMA: Naweka. Mkono nauweka mfukoni.