Kabla Hujauza Kiwanja kwa Ajili ya Chuo Kidogo cha Uhandisi Marekani

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Leo sitembei na kamera. Nimekaa mezani na kalamu na karatasi, kuna hesabu nataka tuipige pamoja, taratibu.

Wiki hii mama mmoja amenitumia ujumbe wa sauti. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, amepata nafasi chuo kidogo huku Marekani, asome uhandisi mitambo. Chuo kinatoza dola 65,000 kwa mwaka, ada na malazi na chakula, na kimempa ufadhili wa dola 40,000. Baba anataka kuuza kiwanja. Mama anauliza, "Mwanangu, hiyo pesa itarudi?"

Shikamoo, mama. Nimesoma chuo cha namna hiyo, nakujibu kama ninavyomjibu mama yangu mzazi.

Ile 65,000 isikutishe. Vyuo vidogo vya binafsi huku hutangaza bei kubwa kisha hupunguza, ni kawaida yao. Lakini na ile 25,000 inayobaki usiizidishe mara nne ukasema laki moja. Ufadhili mara nyingi hukaa palepale, ada inapanda kila mwaka. Chukua ongezeko la asilimia 4 kwenye ile 65,000 yote, ufadhili ubaki 40,000: mwaka wa kwanza unalipa 25,000, wa pili 27,600, wa tatu 30,304, wa nne 33,116. Jumlisha. Ni dola 116,020. Hizo 16,000 za juu ndizo zinazowakuta watu mwaka wa tatu, kiwanja kimeshauzwa na pesa imeshaliwa. Na mwanafunzi wa kigeni hapati mkopo wa serikali ya Marekani. Kazi ya chuoni nayo ni mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo ni pesa ya sabuni, mama, haitoshi ada.

Sasa kuna gharama ambayo mimi sikuambiwa na mtu. Chuo kidogo kina walimu wachache, kwa hiyo somo moja hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka wa pili nilifeli Statiki, somo la kani kwenye vitu vilivyotulia. Bila Statiki huingii Dainamiki, somo la vitu vinavyotembea, na bila Dainamiki huingii yanayofuata. Kulisubiri mpaka mwaka unaofuata ni kujiongezea mwaka mzima wa ada. Nililirudia likizo ya kiangazi kwenye chuo cha jamii cha jirani, baada ya kuhakikisha kwa maandishi kwamba chuo changu kitalitambua. Nililipa kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nauli ya kuja nyumbani. Sikuja mwaka ule.

Lakini udogo uleule ndio ulioniokoa. Mwalimu wangu aliniita ofisini kwake, akachora boriti moja ubaoni, akanipa chaki: "Weka kani zote." Nikaweka uzito, nikaweka mzigo, nikasahau kani ya bawaba. Akafuta, tukaanza upya. Tulikaa mpaka taa za ukumbi zikazimwa. Huyo ndiye aliyekuja kuniandikia barua ya kunipendekeza nilipoomba kazi, na aliandika mambo anayoyajua kwa macho yake. Mwaka wa pili huohuo nilikuwa karakanani nakereza vyuma kwa mikono yangu. Kwenye vyuo vikubwa nafasi hiyo unaipigania.

Kwa hiyo udogo si udhaifu. Harvey Mudd kule California haifikishi wanafunzi 1,000, na wahandisi wake wanaheshimika nchi nzima. Cha kuuliza ni ithibati ya ABET, shirika la Marekani linalokagua ubora wa masomo ya uhandisi. Inatolewa kwa programu moja moja, haitolewi kwa chuo kizima, kwa hiyo atafute jina la shahada yake hasa. Bila hiyo, leseni ya uhandisi kwenye majimbo mengi huku inakuwa kazi ngumu.

Tena awe macho na mpango wa "tatu na mbili": miaka mitatu chuo kidogo, miwili chuo kikuu kingine, shahada mbili. Unapendeza sana kuusikia. Ila ufadhili wa chuo cha kwanza usidhani utamfuata kwenye cha pili, na hiyo ndiyo miaka ya gharama kubwa.

Kuhusu pesa kurudi: mhandisi mitambo wa kawaida Marekani hupata karibu dola 100,000 kwa mwaka kabla ya kodi, anayeanza hupata pungufu. Kwa viza ya mwanafunzi, akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na kwa fani kama uhandisi anaweza kuongezewa 24. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya viza ya kazi, nafasi 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Na kampuni nyingi za ndege za kivita na silaha hazimchukui asiye raia au mkazi wa kudumu. Mama, msihesabu zaidi ya hiyo miaka mitatu.

Mimi kiwanja nisingekiuza kwa barua hiyo ya ufadhili ilivyo sasa. Vyuo vingi hutaka jibu na amana kufikia Mei 1. Kabla ya siku hiyo kijana aandike barua pepe kwa ofisi ya ufadhili: ufadhili utapanda ada ikipanda? Wastani wa alama ukishuka chini ya kiasi gani anaupoteza? Wahandisi wangapi wa mwaka jana walimaliza kwa miaka minne? Wakijibu, nitumie majibu, mama. Tutakaa nayo tena hapa mezani.