Kwa Nini Ali Yumo Vitani Tambuka?

DADA: Assalamu alaykum, wasikilizaji. Leo tunaufungua Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, zama za Wanabahani, watawala wa Pate. Kaka, jina hilo limetoka wapi?

KAKA: Waalaykumu salaam, dada. Limetokana na Tabuk, kaskazini mwa Uarabuni, ambako Mtume (s.a.w.) aliongoza jeshi mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630. Mwanahistoria al-Waqidi, aliyefariki mwaka 823, anataja watu 30,000 waliotoka wakati wa ukame na jua kali, matunda ya Madina yakiwa yameiva na kila mtu akikitamani kivuli cha shamba lake. Walifika, wakakaa siku kadhaa, na kwa kuwa jeshi la Warumi halikutokea, wakarejea. Mwengo, kinyume chake, anasimulia vita vikali dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumi, na Ali ndiye simba wa uwanja.

DADA: Hapo ndipo penye uzito, kaka, kwa sababu katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imepokewa kwamba safari ile Ali aliachwa Madina. Alimuuliza Mtume iwapo anamwacha pamoja na wanawake na watoto, akajibiwa kwamba daraja yake kwake ni kama ya Harun kwa Musa, ila hakuna nabii baada yake.

KAKA: Basi Mwengo alikosea?

DADA: Mimi sisemi hivyo. Mwengo alirithi visa vya maghazi, yaani vita vya Mtume, ambavyo wasimulizi wa Kiarabu walivikuza kwa karne nyingi, visa ambavyo msomi wa Kijerumani Rudi Paret alivichambua katika kitabu chake cha mwaka 1930. Ukimuuliza Mwengo nani alikuwapo Tabuk, unamtwika swali la mwanahistoria. Muulize badala yake vita vinaanzia wapi.

KAKA: Vinaanzia kwenye kifo cha Jaafar.

DADA: Naam, na kifo hicho ni cha kweli: aliuawa katika vita vya Mu'ta dhidi ya Warumi mwaka 629. Ibn Hisham, mwandishi wa sira ya Mtume, anaeleza kwamba aliishika bendera kwa mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto nao ukakatwa, akaikumbatia kwa mikono ya juu iliyobaki mpaka akauawa. Sasa kumbuka kwamba Jaafar na Ali ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wote wana wa Abu Talib na Fatima binti Asad.

KAKA: Kumbe Tambuka ni kisasi cha Mu'ta!

DADA: Ndivyo ninavyousoma utendi huu. Msimulizi aliyekwisha kuwaliza watu kwa mikono ile miwili asingeweza kuwaambia kwamba Ali, mdogo wa Jaafar, alibaki nyumbani; kwa hiyo akampandisha farasi, akampeleka Tabuk.