Tumbo la Jumatatu

Hamjambo, wazazi. Naona akina baba leo ni wanne tu. Wengine watapelekewa habari nyumbani.

Leo tunazungumzia sonona kwa watoto, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Nianze na tumbo. Binti wa dada yangu, akiwa na miaka tisa, aliumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Kliniki ya kwanza ikasema amiba. Ya pili, taifodi. Shosho yake akaleta dawa ya minyoo. Na mimi, muuguzi wa afya ya akili, nikamwambia dada, "Huyo anakwepa shule." Miezi mitatu! Hakuna aliyeuliza mbona ameacha kuruka kamba na wenzake pale ploti, wala kwa nini mdogo wake akigusa rula yake tu anakula makonde. Aliyetushtua ni mwalimu wake wa darasa.

Mtu mzima akiwa na sonona hunyamaza, hulia, tunamwona. Mtoto huzuni yake humtoka kwa tumbo, kwa kichwa, au kwa hasira. Hata katika vigezo vya madaktari, kwa mtoto wepesi wa kukasirika huweza kuhesabiwa mahali pa huzuni. Sisi tunauita kiburi, na dawa ya kiburi mnaijua.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: wangu hununa nikimpokonya simu, ni mgonjwa? La, mama, huyo amenuna tu. Tazama mabadiliko. Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hatamani tena alichokipenda, usingizi umevurugika, chakula hakiendi, masomo yameporomoka. Hapo usingoje muhula uishe.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Watapima damu pia, maana upungufu wa damu nao humchosha mtoto hivyo hivyo. Kisha uombe barua ya rufaa. Ukitumwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Nairobi, nenda. Najua, tukiwa wadogo tulitishiwa kwa jina hilo. Hospitali ipo pale Barabara ya Thika tangu 1910, na hofu yetu ina umri huohuo. Mara nyingi tiba huanza kwa mazungumzo, si vidonge. Ukikwama usiku, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Sasa hili nalisema polepole. Mtoto akisema "mtapumzika nikienda", usimwambie aache ujinga. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Wazazi wengine huficha wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Basi msifiche.

Binti yetu? Jumatatu bado hazipendi. Lakini kamba anaruka.

Haya, maswali. Baba pale nyuma, umeinua mkono kitambo.