Mafahali Watatu Zizi Moja: Asili ya Elpida

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Leo nasimulia habari za Elpida, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza kumbukumbu za kompyuta. Nianze na jina. Elpida ni neno la Kigiriki, maana yake tumaini. Kwetu mtoto huyu angeitwa Tumaini, na tungejua kazaliwa mwaka wa njaa.

Katikati ya miaka ya 1980 Wajapani ndio waliotawala soko la DRAM, ile kumbukumbu ya kompyuta inayosahau kila kitu umeme ukikatika. NEC, Hitachi, Toshiba, Fujitsu, Mitsubishi, kila mmoja na kiwanda chake. Intel ya Marekani iliona haiwawezi, ikajitoa mwaka 1985. Kisha wakaja Wakorea. Miaka ya 1990 Samsung wakashika nafasi ya kwanza, na bei zikawa zinaporomoka. Maana DRAM ni kama sukari dukani: ya huyu na ya yule utamu ni mmoja, mnunuzi anauliza bei tu.

Desemba 1999 NEC na Hitachi, mahasimu wa miaka mingi, wakaunganisha shughuli zao za DRAM. Mtoto akaitwa NEC Hitachi Memory. Jina la Elpida likaja mwaka uliofuata. Mafahali wawili hawakai zizi moja, tunasema. Wenzetu mwaka 2003 wakamwongeza wa tatu: biashara ya DRAM ya Mitsubishi Electric.

Mchungaji wao, tangu mwishoni mwa 2002, alikuwa Yukio Sakamoto. Mzee huyu nampenda, sifichi. Hakusomea uhandisi; alisomea michezo chuoni, akaingia Texas Instruments tawi la Japani. Hakuwa wa NEC wala wa Hitachi, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake: hakuna upande uliomwita wetu. Novemba 2004 hisa za Elpida zikaingia soko la Tokyo.

Bei zikaanguka tena. Mwaka 2009 serikali ya Japani ikatia mkono kuiokoa Elpida, lakini yeni, fedha ya Japani, nayo ikapanda, dola moja ikawa haifiki yeni 80. Anayeuza nje kwa dola ataponea wapi? Februari 27, 2012 Elpida ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, ikiwa na madeni ya takriban yeni bilioni 448. Micron ya Marekani ikakamilisha kuinunua Julai 2013, na jina la Elpida likaondolewa. Kule Hiroshima, kwenye eneo lililokuwa la NEC, DRAM bado zinatengenezwa.