Mpira wa Vipande Thelathini: Karatasi Tatu, Bila Gundi

Karibuni. Kila mmoja wenu ana karatasi tatu za A4 za gramu 80, zile za fotokopi, kila moja na rangi yake. Gundi haipo mezani kwa sababu haihitajiki. Mipira ya karatasi ya namna hii Wajapani huiita kusudama, jina lenye maana ya tufe la dawa, na kipande tutakachokikunja leo kinajulikana kwa jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe.

Tuanze na kukata. A4 ina sm 21 kwa 29.7. Ondoa ukanda wa sm 1.7 mwishoni mwa urefu, ubaki na 21 kwa 28, kisha gawa miraba ya sm 7. Kila karatasi inatoa miraba 12. Tumia rula na wembe, si mkasi: mraba uliopishana milimita moja huwezi kuuona kwa jicho, ila utauona mpira ukikataa kufunga.

Sasa kipande chenyewe. Kunja mraba katikati, fungua. Leta ukingo wa juu na wa chini kwenye mstari wa kati, fungua tena. Kona ya juu kulia na kona ya chini kushoto zikunje ndani hadi mkunjo wa karibu, kisha funga milango yote miwili, yaani rudisha kingo za juu na chini kwenye mstari wa kati. Inua kona ya chini kulia hadi ukingo wa juu, shusha ya juu kushoto hadi ukingo wa chini, na kila moja uichomeke chini ya mlango wake. Geuza. Ncha mbili kali zikunje ndani ubaki na mraba. Hizo ndizo ndimi. Geuza tena, mifuko (nafasi za kuchomekea ndimi) ikutazame, ukunje mraba huo kwa mshazari unaounganisha kona mbili ambazo ncha zilizigusa. Mifuko iwe ndani ya mkunjo.

Hapo kwenye kona mbili za mwanzo ndipo wengi wanapoharibu. Ukianza na juu kushoto badala ya juu kulia, unapata kipande kizuri kabisa, lakini ni kile kinachoonekana kwenye kioo. Ulimi wake hauingii kwenye mfuko wa wenzake. Weka kipande cha kwanza mbele yako, na kila unachomaliza ukilaze juu yake kabla ya kuendelea.

Tunahitaji 30, kumi kwa kila rangi. Chukua vitatu, rangi tatu: ulimi wa kwanza uingie mfuko wa pili, wa pili uingie wa tatu, wa tatu urudi wa kwanza. Umepata piramidi. Sasa hesabu, na msiichoke hesabu hii: kila bonde ambapo piramidi zinakutana, ziwe tano. Zikiwa nne, unajenga mpira mdogo wa vipande 12. Zikiwa sita, karatasi inalala bapa na mpira haufungi kamwe. Ukimaliza utakuwa na piramidi 20 na mabonde 12, sm 8 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Vipande vitatu vya mwisho ndivyo vigumu, kwa kuwa huwezi tena kutia kidole ndani. Usisukume ulimi kwa nguvu, utajikunja. Legeza kidogo viungo vya jirani, ingiza ndimi zote nusu, kisha zibane pamoja. Karatasi ya manila haifai kwa ukubwa huu: mikunjo inavimba na viungo vinaachia.

Mmebakiwa na miraba sita, miwili ya kila rangi. Ikunjeni vilevile, ila mshazari wa mwisho muuache. Piramidi tatu zikikutana badala ya tano, mbavu zinanyooka na unapata mchemraba. Rangi zinazofanana ziwekeni pande zinazotazamana.