Impreza WRX: Lini Umwage Oili ya Giaboksi na Difu, na Boliti Gani Uanze Nayo

Ugonile wana Mbeya, kamwene Iringa na Njombe, na nyie mlioko huko kwenye joto, karibuni gereji.

Gari la leo ni Subaru Impreza WRX, turbo, giaboksi ya mkono ya gia tano. Swali ni lile lile: oili ya giaboksi na ya difu (zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi) inamwagwa lini? Oili ya injini watu wanaikumbuka. Ya giaboksi wanangoja mpaka gia ya pili ikwaruze asubuhi. Ikishakwaruza umechelewa wakuu, hapo oili mpya inapunguza kelele tu, sinkronaiza (pete ya kusawazisha kasi gia inapoingia) iliyolika hairudi.

Sikilizeni hesabu yangu. Gari la kwenda kazini na safari za Dar kwa mwendo wa kistaarabu: kila kilomita 40,000. Gari linalokimbizwa, unapanda nalo Kitonga turbo inalia, unashuka Tukuyu unakata kona kama umefukuzwa: 20,000, usibishane na mimi. Likienda kwenye mashindano, likirudi tu linamwagwa, hata kama limekimbia kilomita 200. Giaboksi iliyofunguliwa ikawekwa beringi au sinkronaiza mpya, mwaga baada ya kilomita 1,000, maana vyuma vipya vinapozoeana vinatoa unga. Gari limeshuka bandarini juzi? Mwaga. Lile stika la kilomita lililobandikwa mlangoni halikuambii kama oili ya difu iliwahi kuguswa.

Na kuna moja halisubiri kilomita: maji. Umevuka mto au dimbwi, maji yakafika usawa wa difu, kesho yake fungua uangalie. Difu ina kitundu cha kupumulia. Ikiwa ya moto halafu ikaingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia hapo au kwenye sili. Huku kwetu masika yakikolea, hasa upande wa Tukuyu na Kyela, hii ndiyo inaua beringi za difu kuliko mwendo kasi.

Sasa oili gani. Hapa nakwenda polepole kwa sababu madukani mnauziwa chochote. Tunataka 75W-90 (huo ni uzito wa oili), GL-5 (hicho ni kiwango cha dawa ya kulinda meno ya gia). Kwa nini GL-5 wakati fundi wako anasema GL-5 inakula shaba ya sinkronaiza? Fundi wako hajakosea kabisa. Dawa ya salfa na fosforasi iliyomo kwenye GL-5 ni kali, na kwenye giaboksi nyingine nyingi inatakiwa GL-4. Lakini Subaru hii difu ya mbele imo humo humo ndani ya giaboksi. Oili moja inahudumia gia, sinkronaiza na krauni ya mbele, ile gia kubwa ya difu. Pinioni ya difu, gia ndogo inayozungusha krauni, imekaa chini ya katikati ya krauni, kwa hiyo meno hayabingirikiani tu, yanateleza huku yamebeba mzigo. Utelezi wa namna hiyo unavunja utando wa oili yenye dawa hafifu. Ukiweka GL-4 utaokoa shaba na kuua krauni. Nunua GL-5 ambayo kopo lake limeandikwa kabisa kwamba inafaa giaboksi ya mkono yenye sinkronaiza.

Na 85W-140, ile nzito ya malori? Hapana. Namba iliyo kabla ya W ni ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, na zaidi Makete na Njombe, saa kumi na mbili asubuhi oili nzito haikubali kuachia gia. Sinkronaiza inajaribu kusawazisha kasi ya gia, oili nzito inaizuia, unasikia krrr. Mtu anakwenda kununua klachi mpya kumbe kosa liko kwenye kopo.

Idadi: giaboksi inakula lita 3.5, difu ya nyuma lita 0.8. Jumla 4.3. Galoni ya lita 4 haitoshi, na ndiyo mnayonunua kila siku. Nunueni lita 5. (Ndiyo, dukani kwetu zipo, na wosha zake, na hii pampu ya mkono. Tangazo limeisha.)

Endesha gari kama dakika kumi oili ipate joto, liache limelala sawa, likae kwenye stendi nne. Kupandisha gari hamhitaji kufundishwa. Ila sawa ni sawa: ukinyanyua mbele peke yake, kipimo cha giaboksi kinadanganya na difu ya nyuma inajaa nusu. Na hili gari linavuta tairi zote nne. Usiwashe na kutia gia likiwa na tairi mbili chini, litaruka kwenye stendi.

Tunaanza nyuma. Dogo, leta kamera huku chini. Chini zaidi. Haya.

Mnaona kifuniko cha difu, kina boliti mbili. Ya juu ni ya kujazia, ya chini ni ya kumwagia. FUNGUA YA JUU KWANZA. Narudia kwa anayetazama huku anakula: ya juu kwanza. Ukimwaga ya chini, halafu ya juu ikakataa kufunguka, una gari lisilo na oili, lisiloweza kutiwa oili, na lisiloweza kusogea hata mpaka kwa fundi wa jirani. Ya juu ikikataa na hujagusa ya chini, unalishusha gari, unaendesha, unarudi siku nyingine.

Boliti zenyewe zina tundu la mraba la nusu inchi. Huhitaji soketi, mkono wa raketi unaingia moja kwa moja. Kwanza chokonoa matope yote kwenye tundu kwa bisibisi, mpaka chuma kionekane kwenye kona za mraba. Raketi ikiingia nusu, inakula kona.

Naweka... inateleza. Dogo, usizime kamera, waone. Mwe! Hii haijafunguliwa tangu Japani.

Basi hapa ndipo watu wanapoharibu. Usiongeze nguvu. Toa raketi, safisha tena. Mnaona lile vumbi jekundu limebaki ndani kabisa? Hilo ndilo lilizuia. Nyunyizia dawa ya kutu kuzunguka boliti, gonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi ya moja kwa moja, siyo ya pembeni. Subiri robo saa. Ikiwa bado, pasha moto kifuniko kinachoizunguka boliti kwa mashine ya upepo wa moto. Moto wa gesi hapana, narudia hapana, tenki la petroli liko hatua moja kutoka hapa. Kisha tumia mkono mrefu usio na raketi, uvute taratibu kwa uzito wa mwili, usirushe.

Umesikia huo mlio? Tak. Imeachia. Ya juu imefunguka, sasa ndiyo nina ruhusa ya kugusa ya chini.

Karai chini. Toa. Iache itiririke mpaka iwe matone.

Angalieni rangi, hapa ndipo unajua kama ulimwaga kwa wakati. Hii ni nyeusi lakini mwanga wa tochi unapita. Imechoka, haijaoza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, jaza, endesha kilomita 100 hivi, mwaga tena, na utafute yalikoingilia. Ikinuka kuungua na ni nzito kama lami, difu ilifanya kazi ikiwa na oili pungufu. Kagua sili za ekseli.

Boliti yenye sumaku, ifute kwa kidole. Huu ujivu laini unaopakaa kama greisi ni kawaida, meno yanalika taratibu. Ukikuta kipande unachoweza kukiokota kwa kucha, simamisha kazi, hilo si suala la oili tena. Na kwenye oili ya giaboksi ukiona vimeta vya njano, ni shaba ya sinkronaiza. Vichache sawa. Vikiwa vingi kama umemwaga rangi ya dhahabu, anza kuweka akiba.

Rudisha ya chini. Hizi za difu za aina hii hazina wosha, kwa hiyo safisha hesi, paka gundi ya gasketi utando mwembamba, kaza nyutoni mita 49. Difu yenye wosha, badilisha wosha.

Jaza kwa pampu kupitia tundu la juu mpaka oili ianze kutoka yenyewe. Ikitiririka, acha idondoke hadi iishie matone, funga. Imekula karibu lita 0.8. Ikiingia nusu lita tu na inamwagika, gari halijalala sawa.

Kuhusu difu zenye LSD (kifaa cha kuzuia tairi moja kuzunguka bure): hii ina ile ya kimiminika, imefungwa ndani yenyewe, haihitaji oili maalumu. Kama ulifunga LSD ya sahani za klachi, hapo lazima oili iwe na dawa ya LSD, la sivyo kwenye kona ya polepole nyuma inagonga duk duk duk.

Twende mbele, hii ni haraka. Kwanza juu: kipimo cha oili ya giaboksi kiko nyuma ya injini chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), karibu na ukuta wa dashibodi. Kivute kabla ya kumwaga chini. Ndiyo, ni somo lile lile, tundu hili ndilo utakalojazia. Likiwa na matope pembeni, futa kwanza, usisukumie mchanga kwenye giaboksi.

Chini, boliti ni ya nyota, T70. Za zamani zina kichwa cha spana 21. Ekzosi iko pale pale karibu na mkono wako, na tumetoka kuendesha. Vaa glavu ndefu. T70 iingie hadi mwisho, igonge kwa nyundo kidogo.

Inatoka... tazameni hiyo kasi, ni lita tatu na nusu, karai dogo litakuaibisha. Dogo, sukuma karai mbele. Mbele! Siyo huko, kwenye ekzosi! Haya, futa hiyo kabla gari halijawashwa, itatoa moshi mtu adhani gari linaungua.

Sasa wosha ya boliti hii. Mpya, kila mara. Ikiwa ya alumini, kaza nyutoni mita 44. Ikiwa ya shaba, 70. Msichanganye. Mwili wa giaboksi ni alumini, boliti ni chuma, na hesi za alumini hazisamehe. Ukikaza kwa bomba refu kama nati za tairi za Fuso, zitatoka pamoja na boliti safari ijayo. Kama huna spana ya kupimia nguvu, azima. Nimeshasema? Nasema tena: wosha mpya, usikaze kwa bomba.

Kujaza: faneli yenye mpira mrefu kwenye tundu la kipimo. Oili ya baridi inashuka kwa uvivu, kwa hiyo makopo yakae kwenye ndoo ya maji ya moto dakika ishirini, yamefungwa vizuri. Mimina lita tatu, subiri kama dakika kumi zishuke, ndipo uanze kupima na kuongeza kidogo kidogo. Ukizidisha, oili itatafuta njia kwenye kitundu cha kupumulia na kudondokea ekzosi.

Endesha kilomita chache, badilisha gia zote na rivasi, pima tena ikiwa imetulia kwenye sakafu sawa. Andika kilomita na tarehe kwenye karatasi ya kubandika chini ya boneti.

Oili haitibu hivi: mlio wa vuuu unaobadilika ukibonyeza na kuachia mafuta, hiyo ni krauni na pinioni au beringi zake. Gari kujivuta kwenye kona kali ya kuegesha, hiyo ni difu ya katikati. Na hiyo ya katikati mnaiua kwa tairi: mbili mpya mbele, mbili kipara nyuma. Mzunguko wa tairi hautofautiani kwa macho, lakini difu inapomeza tofauti hiyo safari nzima, inapikika na oili inapikika pamoja nayo.

Wenye WRX ya otomatiki ya gia nne, kwenu kuna vipimo viwili. Kimoja cha oili nyekundu ya otomatiki, kingine cha difu ya mbele, ambayo kwenu iko peke yake na inakula lita moja na kidogo ya 75W-90. Fundi asiyejua anafungua boliti ya difu akidhani anamwaga otomatiki, kisha anajaza nyekundu juu. Otomatiki inakuwa imezidi, difu imekauka, na mlio unaanza hata hujafika Uyole. Kwa hiyo vuta vijiti vyote viwili, futa, pima, piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu chini. Ikianza kutoka, shika tone kwa vidole: nyekundu nyepesi ni otomatiki, nzito yenye harufu ya salfa ni difu. Na ukimaliza, vuta vyote viwili tena.